Eti "ajali haina kinga"! Mafundi tunavunjika kwenye ngazi za kupandia paani, mabosi wanaleta tende

Jamaani, nina hasira, nitaandika zinavyokuja.

Kazi yangu ni sola na matangi ya maji kwenye mahoteli ya ukanda wa mashariki wa Unguja, kuanzia Kiwengwa mpaka Jambiani. Juzi juzi mwenzetu kaanguka akishuka paani kwenye hoteli moja huko. Siitaji, wanaoijua wanaijua. Nyonga imevunjika. Meneja kaja hospitali na juisi na tende, kakaa pembeni ya kitanda, anasema, "Ndo kudra hiyo, ajali haina kinga." Na baba wa mgonjwa, mzee wa watu, anaitikia alhamdulillahi.

Kudra na mimi naiamini, bwana. Lakini tumefundishwa tumfunge ngamia kwanza ndipo tutawakali. Ile ngazi ilifungwa na nani? Haikufungwa hata kwa uzi wa kushonea!

Nikwambieni ilivyokuwa. Ngazi ya alumini, inafika kwenye ukingo wa paa na hapo hapo imekwisha. Anayepanda kila siku anajua khatari haiko katikati ya ngazi, iko pale unapoiacha kuingia paani, na zaidi pale unapoirudia kushuka. Ngazi inatakiwa ipite ukingo kwa kiasi cha mita moja, upate pa kushika. Isipopita, unashuka kinyumenyume umeyakumbatia mabati, unatafuta kidato kwa ncha ya kidole cha mguu, na ukikigusa vibaya unaisukuma ngazi mwenyewe. Ndivyo alivyoanguka yule kijana.

Na chini huko? Baraza ya marumaru, inadekiwa kila asubuhi, juu yake mchanga wa miguu ya wageni. Mpira wa mguu mmoja wa ngazi umetoka zamani, pameshindiliwa kitambaa. Halafu ngazi imesimamishwa wima karibu na ukuta. Kanuni yake kila fundi anaijua: ukipanda mita nne, mguu wa ngazi ukae mita moja kutoka ukutani. Tulipotaka kuivuta tukaambiwa itaziba njia ya wageni wanaokwenda kuogelea. Wakampa mtu wa bustani aishikilie. Mapokezi wakamwita akachukue mabegi, akenda. Angefanya nini, naye ana bosi. Na hata angebaki, ngazi ikishaanza kuteleza kwenye marumaru mikono ya mtu haiizuii.

Sasa kinachonichoma hasa. Hoteli hiyo hiyo ina baraza ya juu ya wageni kutazama jua linachomoza. Kule kuna ngazi ya saruji, ina mkono wa mbao wa kushikia, ina taa kila hatua. Maji anayoogea mgeni huyo huyo yanatoka kwenye tangi ambalo fundi analipandia kwa roho yake.

Hoteli nyengine nimekuta ngazi ya mbao imepigwa rangi nyeupe, eti ifanane na kuta. Mbao ya ngazi haipigwi rangi, rangi inaficha ufa! Utajua imepasuka ukiwa juu.

Na msidhani nawaacha mabosi wetu wa kampuni za ufundi. Gari inatoka mjini na paneli, betri, nyaya, kila kitu, ngazi hakuna. "Mtaikuta huko huko." Tunachokikuta ndicho hicho. Mji Mkongwe ndo usiseme: vichochoro vyembamba, ngazi haina pa kukaa ila wima, na nyaya za umeme zimepita ukutani kwa ukutani. Mtu anakupa ya alumini upande katikati yake!

Najua watakuja humu wa kusema mafundi wenyewe hawajali, wanapanda na ndara, betri begani. Wapo, sikatai. Lakini jaribu kukataa kupanda uone. Utaambiwa wenzako wamejaa getini wanasubiri. Tena betri utaiwekaje isipokuwa begani kama hukupewa kamba ya kuivutia juu? Mikono yote inatakiwa ngazini.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya mwaka 2005, ipo, ya Zanzibar yetu hapa hapa, na usalama wa pahala pa kazi imemtwika mwajiri. Haikusema alete tende. Hatuombi mitambo ya Ulaya. Tunataka ngazi inayofika na kuzidi, pete za chuma zitiwe kwenye ukuta tokea wakati wa kujenga ili tufungie kichwa cha ngazi (si kwenye mfereji wa plastiki wa maji ya mvua, nimeyaona hayo pia), na kamba ya kupandishia vifaa. Basi.

Mimi wiki ijayo nimepangiwa hoteli ile ile, na ngazi nasikia ni ile ile, kitambaa tu ndo kimebadilishwa. Sipandi. Na kama humu yumo mkaguzi wa wizara anasoma, nakuomba sheikh wangu, njoo, lakini usipige simu kabla. Ukipiga simu utaikuta ngazi mpya imeazimwa hoteli ya jirani.