Naomba ushauri: Nataka kujenga stesheni ya Mbeya kwa treni za mfano, ninunue kichwa na mabehewa gani?

Mwalimu_Iyunga

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha, kwa sababu mara iliyopita nilitoa fedha kwanza na kuuliza baadaye.

Marehemu baba yangu alikuwa gadi wa treni za abiria za TAZARA, na sisi watoto wake tulikulia hapa Iyunga, tukijua kwa mlio tu kama treni iliyoingia ni ya abiria au ya mizigo. Nina chumba cha uani cha mita 3 kwa 2.4, nami nimedhamiria kujenga humo stesheni ya Mbeya ilivyokuwa miaka ya mwisho ya 1980. Tayari ninazo mita 12 za njia ya mfano yenye upana wa mm 16.5 kati ya reli na reli, pamoja na swichi nne za kubadili njia, ambazo niliuziwa na daktari mmoja Mjerumani aliyekuwa anarudi kwao.

Mwaka jana nilimwagizia muuzaji wa mtandaoni kichwa kilichoelezwa kwa maneno mawili tu, kwamba ni cha HO (skeli ya 1:87, yaani kila kipimo halisi kimegawanywa kwa 87) na kinafanya kazi. Kilipofika nilikiweka relini, na papo hapo transfoma ikajizima. Nilikigeuza nikakuta chini ya tumbo lake utepe mrefu wa chuma unaoning'inia, ambao hadi leo sijaelewa kazi yake.

Sasa nimeona kichwa cha Kimarekani cha mfululizo wa U wa General Electric, cha skeli ya 1:87, kilichotumika, pamoja na mabehewa matatu ya Kijerumani. Nimetenga shilingi 1,200,000 kwa vyote. Linalonitia shaka ni kwamba muuzaji anasema mabehewa ni ya 1:87, lakini picha yake yenye rula inaonyesha urefu wa mm 264. Je, vitu hivi vitafanana na treni ya TAZARA, au nitakuwa nimejenga stesheni ya Ulaya yenye kibao cha Mbeya?

Fundi_Makambako

Mwalimu, pole kwa hasara. Utepe ulioukuta ni wa kuchukua umeme kwenye vinundu vilivyo katikati ya njia. Huo ni mfumo wa reli tatu, ambao Märklin wanautumia kwenye HO tangu zamani. Reli zake zote mbili ni upande mmoja wa umeme, kwa hiyo magurudumu ya kushoto na kulia hayatenganishwi, na ukikiweka kwenye njia yako ya reli mbili kinaunganisha pande zote mbili mara moja. Kichwa si kibovu. Muuzie mwenye njia ya mfumo huo.

Tuje kwenye swali lako. Wengi huanza na kichwa, kisha skeli, na upana wa njia huja mwisho kabisa. Kwa reli yetu ni lazima tuanzie mwisho huo. TAZARA ina upana wa mm 1,067, wakati HO ilipangwa kwa njia ya mm 1,435. Zidisha 16.5 kwa 87 utapata takribani 1,435. Ukiweka behewa la TAZARA la skeli ya 1:87 juu ya reli yako, njia itakuwa pana kuliko halisi kwa zaidi ya theluthi moja, na mtu yeyote aliyewahi kusimama jukwaani Iyunga ataona kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hataweza kukitaja.

Lakini gawanya 1,067 kwa 64. Jibu ni 16.67. Maana yake ni kwamba reli uliyonayo tayari ni reli sahihi ya njia yetu, ila kwa skeli ya 1:64, ikiwa na upungufu wa mm 11 tu katika kipimo halisi. Wajenzi wa Afrika Kusini na New Zealand, ambao nao wana njia ya mm 1,067, wanaitumia skeli hiyo kwa sababu hiyo hiyo.

Dada_Gangilonga

Naungana na Fundi katika hesabu, lakini si katika hitimisho, na naomba Mwalimu apime gharama ya hesabu hiyo. Katika 1:64 hutakuta dukani behewa la TAZARA wala kichwa chake, kwa hiyo kila kitu juu ya magurudumu utakijenga kwa mkono. Mimi hapa Iringa nimejenga mabehewa mawili kwa miezi saba. Wajapani, ambao njia zao za kawaida pia ni mm 1,067, waliamua kwa namna nyingine: kwenye reli ya mm 16.5 wanatumia 1:80, na kwenye reli ya mm 9 wanatumia 1:150 badala ya 1:160, yaani wameukuza mwili kidogo ili usionekane mwembamba juu ya njia. Si sahihi kwa rula, lakini treni zinatembea na macho yanaridhika.

Kuhusu mabehewa, shaka yako ni ya haki. Behewa refu la kisasa la Ulaya lina mita 26.4, ambazo katika 1:87 ni mm 303. Viwanda vingi viliyafupisha ili yapite kwenye kona kali za mezani. Yale ya mm 282 yamefupishwa kwa kipimo cha 1:93.5, na ya mm 264 kwa 1:100, ilhali upana na kimo vimeachwa katika 1:87. Ndiyo maana picha ya ubavuni huonekana nzuri, lakini yakisimama nyuma ya kichwa kisichofupishwa hufanana na mtu aliyevaa koti la mdogo wake. Kwa reli yetu yana kasoro ya pili, kwani madirisha na paa ni vya Ulaya. Hayo usiyanunue kwa bei yoyote.

Mwalimu_Iyunga

Nawashukuru sana. Mabehewa nimeyaacha. Fundi, nikifuata 1:64, je, kile kichwa cha Kimarekani kinafaa kama chasisi, nikitupa bodi na kujenga yangu juu yake?

Fundi_Makambako

Nilidhani hivyo mimi pia, hadi nilipopima magurudumu. Gurudumu la inchi 40 katika HO lina kipenyo cha karibu mm 11.7, na ukilisoma kwa 1:64 linakuwa la sentimita 75 tu, dogo mno kwa kichwa cha treni kubwa. Tafuta chasisi ya OO ya Kiingereza, ambayo skeli yake ni 1:76 lakini inatembea kwenye reli hii hii ya mm 16.5. Class 37, kichwa cha dizeli cha Uingereza, ina ekseli sita, tatu kila bogi (fremu ya magurudumu inayogeuka chini ya kichwa), kama U30C, kichwa cha TAZARA, na magurudumu yake ya futi 3 na inchi 9 ni mm 15 katika OO. Ukiyasoma kwa 1:64 unapata sentimita 96. Hiyo ndiyo chasisi niliyoitumia. Masafa kati ya ekseli utayalinganisha mwenyewe kwa kupima.

Namna ya kupima ni hii. Omba ruhusa kwa stesheni masta, kisha piga picha ya behewa likiwa limesimama, ukiwa umelielekea sawasawa kwa mbele na kwa mbali kidogo. Ndani ya picha hiyo tayari unayo rula, nayo ni reli zenyewe. Ukipima reli kwa reli ukapata mm 20 kwenye karatasi, na upana wa mwili ukapata mm 54, basi gawanya 54 kwa 20 kisha zidisha kwa 1,067, nawe utakuwa na mita 2.88. Kwa ubavu, mwombe mtu asimame na mti wa mita moja kando ya bogi. Mimi nimetumia siku tatu kwa behewa moja, nikahesabu hadi misumari ya ngazi, wala sijutii.

Mzee_wa_Uyole

Vijana wangu, nimesoma yote kwa furaha. Nilifanya kazi kwenye karakana ya reli kwa miaka mingi, basi niseme jambo moja ambalo rula haiwezi kulisema, nalo ni mwaka. Vichwa vya kwanza vya njia hii vilikuwa DFH2 vya Kichina, ambavyo mota ya dizeli inapeleka nguvu magurudumuni kwa mafuta ya haidroliki. Vilipata shida kwenye mlima wa kati ya Mlimba na Makambako. U30C zilizojengwa na Krupp kule Ujerumani kwa leseni ya General Electric zilikuja mwaka 1983, nazo zinaendeshwa kwa dizeli na umeme. U30 maana yake ni nguvu ya farasi 3,000, na C ni ekseli tatu kwa kila bogi. Kwa hiyo mwalimu akichagua miaka ya mwisho ya 1980, U30C iko mahali pake, lakini asiiweke kwenye picha ya 1976.

Mwalimu_Iyunga

Shikamoo mzee. Nashukuru mno, hilo la mwaka lilikuwa limenipita.

Mzee_wa_Uyole

Marahaba mwanangu.

Dada_Gangilonga

Basi kama Mwalimu ameamua 1:64, nami sitamzuia, ila nimwongezee tahadhari za kununua chasisi iliyotumika. Mtake muuzaji akutumie video ya kichwa kikitembea polepole sana, si kwa kasi. Ukisikia mdundo unaojirudia kila gurudumu linapozunguka, gia ya plastiki imepasuka kwenye ekseli. Omba picha ya chasisi bila bodi. Ikiwa chuma kimevimba, kimepinda au kina nyufa nyembamba kama za tope lililokauka, aloi ya zinki imeharibika kwa kuchanganyika na risasi, na hakuna fundi wa kuitibu. Ulizia ampea inazokula mota ikizuiwa isizunguke. Dikoda nyingi za kidijitali (vifaa vidogo vya ndani ya kichwa vinavyoongoza mota) za ukubwa huu zinabeba ampea 1, na mota kuukuu inaweza kuzidi hapo ikaiunguza siku ya kwanza.

Na transfoma ya Kimarekani usiichukue hata ukipewa bure, kwa kuwa imetengenezwa kwa volti 120 na umeme wetu ni 230. Yangu ilitoa moshi kabla sijaondoa mkono kwenye swichi ya ukutani.

Fundi_Makambako

Nyongeza ndogo kuhusu kona. Behewa la mita 20 katika 1:64 lina mm 312, kwa hiyo usikunje njia chini ya nusu kipenyo cha sentimita 60. Chumba chako kinaruhusu hata 75. Kwa bodi, nenda kwa mafundi wa mabango pale Mwanjelwa ukaombe mabaki ya plastiki nyeupe ya mm 1 na mm 2. Inakatika kwa wembe, na haivimbi kwa unyevu wa masika kama kadibodi.

Mwalimu_Iyunga

Nimeamua. Fedha za mabehewa nazihamishia kwenye chasisi moja nzuri ya OO yenye ekseli sita, na sitalipa kabla sijaona video ya mwendo wa polepole. Leo baada ya vipindi nilipita Mwanjelwa nikapewa mfuko mzima wa mabaki ya mabango, na kipande kimoja bado kina herufi nyekundu za duka la simu. Jumamosi nitampelekea stesheni masta barua ya kuomba kupiga picha. Nitaanza na behewa la gadi, na vipimo vyake nitavileta hapa hapa ili Fundi avikague kabla sijakata.