Naomba ushauri: kumpeleka mama na watoto kuona barafuto (mto wa barafu) kwa boti, Portage, Whittier au Seward?

Mangi_Anchorage:
Wakuu, habari zenu. Mama yangu kaja kututembelea hapa Anchorage, Alaska, kutoka Moshi, yupo hadi katikati ya Julai. Ana miaka 68, goti moja linamsumbua na anatumia dawa za presha. Watoto ni wawili, wa miaka 9 na 4. Siku aliyofika tu kauliza, "Hiyo barafu mnayoisifia iko wapi?" Nataka tuondoke asubuhi, tupande boti, jioni tulale nyumbani. Mke wangu anataka Seward kwa sababu ya nyangumi. Mimi naogopa mawimbi. Mliokwenda na wazee, mlifanyaje?

KakaGoma:
Seward, mkuu, usijiulize. Utaona nyangumi, simba-bahari wamejilaza juu ya mawe, halafu boti inasimama mbele ya ukuta wa barafu wa Aialik au Holgate. Kipande kinaanguka unakiona kwanza, ngurumo inakufikia baadaye. Hizo nyingine ni mazoezi.

BintiLamu:
Kaka wa Goma, wewe bila shaka ulikwenda na vijana wenzako. Mimi mzaliwa wa Lamu, mashua nimepanda kabla sijaanza chuo cha Kurani, na huko Seward nilitapika mpaka nikaona haya. Ndani ya ghuba ya Resurrection maji yametulia. Mkishatoka nje kuelekea Aialik mnakutana na bahari kuu, na boti haigeuki kwa ajili yako. Ni saa sita majini, bado zile kilomita 200 za gari kwenda na 200 kurudi. Na mtoto wa miaka minne? La.
Ukienda popote, dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya kupanda, si mkishaanza kutapika. Ya mama muulize mfamasia kwanza, isije ikagombana na zile za presha.

Mzee_wa_Usukani:
Whittier ndiyo ya katikati. Maji ya Prince William Sound yamekingwa na milima, mawimbi si ya kutisha, na fisi maji wanaelea chali kama wamelipiwa. Shida ni handaki la kuingilia huko. Lina kilomita 4, njia moja, magari na treni wanapokezana. Kwenda wanafungua mara moja kwa saa, ikifika na nusu; kurudi, ikifika saa kamili. Ukichelewa dakika mbili unakaa hapo saa nzima. Mimi niliilipia familia ya watu watano, tukafika bandarini tukaipungia mkono boti yetu. Angalau ushuru wa handaki unalipa wakati wa kwenda tu.

MamaPacha:
Kwa huyo mama na goti lake, Portage. Ni mwendo wa kilomita 80 hivi, handaki hulivuki, boti inazunguka ziwani saa moja tu na viti vipo ndani. Lakini makoti bebeni, hata kama Anchorage mmeacha jua. Upepo ukishuka kutoka kwenye barafu unapenya hadi kwenye mifupa. Chupa ya chai nayo msisahau.
Pitieni pia lile jengo la wageni la Begich, Boggs kando ya ziwa. Lilifunguliwa 1986 ili watu waitazame barafuto dirishani. Sasa imerudi nyuma, imejificha kwenye kona. Ukiwa hapo, bila boti huioni.

KakaGoma:
Saa moja? Hata picha hazitoshi. Haya, nimenyamaza.

Mangi_Anchorage:
Mrejesho. Tulikwenda Portage. Mama alikaa ndani dakika kumi, kisha akatoka nje, kajifunga kitenge juu ya koti, goti kalisahau. Akauliza nani kaipaka barafu bluu. Nikamweleza kwamba ikibanwa sana inaimeza rangi nyekundu na kuiachia bluu, hakuniamini. Ila aliposikia habari ya lile jengo alinyamaza, halafu akasema, "Kumbe na huku inakimbia." Njia nzima ya kurudi alimsimulia mkubwa wangu jinsi Kibo ilivyokuwa nyeupe alipokuwa msichana.
Mdogo alilala boti nzima, sasa anadai hatukwenda.
Mke wangu na mkubwa wamekata tiketi za Seward. BintiLamu, ile dawa inaitwaje?