Mkuu wa ulinzi Arusha, milioni 4 grosi, nisaini au napigwa?

ChaliiWaSakina
Wakuu habari za mchana, naomba ushauri kabla sijasaini. Kuna kampuni ya utalii hapa Arusha ina hoteli mjini na kambi porini, wananitaka niwe mkuu wa ulinzi, walinzi wote, kamera, usalama wa wageni, kila kitu chini yangu na naripoti kwa mkurugenzi mwenyewe. Wameandika milioni 4 grosi kwa mwezi, yaani kabla ya makato, basi, hakuna nyumba wala gari. Sasa hivi nasimamia malindo kwenye kampuni ya ulinzi, napata kama nusu ya hiyo ila nyumba wananilipia na pikipiki ni yao. Hiyo 4 ni hela au jina tu?

MhasibuNjiro
Piga hesabu kwanza mkuu. NSSF, mfuko wa pensheni, asilimia 10 laki 4 inaondoka, inabaki 3,600,000 ndo inakatwa PAYE, kodi ya mshahara, ikivuka milioni unalipa 128,000 na asilimia 30 ya inayozidi, jumla 908,000. Mkononi 2,692,000. Kama una deni la bodi ya mikopo toa tena asilimia 15 ya mshahara. Sasa toa kodi ya nyumba na mafuta ya kwenda na kurudi porini uone kimebaki nini. Ukitaka ibaki milioni 3.5 mkononi waambie grosi milioni 5.28.

MzeeWaLindo
Mdogo wangu, usiangalie hela tu. Ukishakuwa unasimamia watu na unaripoti juu kabisa, sheria ya kazi ya 2004 haikuhesabii ovataimu. Saa nane usiku mlinzi wa geti anapiga redio hajibiwi, anakupigia wewe, unaamka unavaa buti unaenda, na asubuhi saa mbili uko kikaoni, na hakuna anayekulipa hiyo. Hayo lazima yawe ndani ya mshahara au yaandikwe kama posho ya dharura. Likizo siku 28 ni haki yako, ila high season utaisikia kwa watalii tu 😂

DadaMoshono
Mi nilijua walinzi wa mahakama ya UN pale Lakilaki ndo wanakula vizuri

MhasibuNjiro
Dada hao achana nao, UN mishahara yao haikatwi PAYE yetu, ukilinganisha utalia bure.

ChaliiWaSakina
Asanteni sana. Nikiomba gari badala ya kuongezewa mshahara je?

MhasibuNjiro
Omba, ila gari ukilitumia na mambo binafsi linahesabiwa kama faida na linakatwa kodi kulingana na ukubwa wa injini na umri wa gari. Bado ni nafuu kuliko ununue lako, barabara ya kambini inakula springi balaa.

MzeeWaLindo
Na bima, ya afya na ya ajali, familia nzima iandikwe kwenye mkataba. Kiinua mgongo nacho uliza kabisa, sekta binafsi hakiji chenyewe. Wakikwambia "tutaongea ukishaanza", mwanangu baki na pikipiki yako.

ChaliiWaSakina
Nimewatumia meseji, nimeomba 5.3, gari na bima ya familia. HR amesoma, tiki mbili za bluu, kimya.