Winga wetu kaumia goti, sasa anagawa njumu zake. Nianzie wapi?

Kocha_Makorora: Wakuu, habari za jioni. Kijana wangu, miaka 21, kakatika ligamenti ya goti, daktari kamwambia asiguse mpira miezi 9. Wiki hii kagawa njumu zake kwa madogo wa mtaani, na jana usiku kamwandikia nahodha: "Mnisamehe kwa yote." Halali usiku, wala hali chakula. Anaishi geto peke yake. Nimwache kwanza atulie?

Nesi_Chumbageni: Usimwache, kocha. Kugawa vitu anavyovipenda na kuomba radhi kama anayeaga ni dalili za hatari. Mfuate leo, mkae faragha, si pembeni ya uwanja wenzake wakisikia. Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, uliza kama ameshapanga namna na lini. Kama amepanga, asibaki peke yake hata akienda chooni. Mpelekeni hospitali ya Bombo usiku huohuo, mapokezi ya dharura, msingoje kliniki ya asubuhi. Dawa na sumu zitolewe kabisa pale geto, kuzificha hakutoshi. Na asitokee mtu wa kumwambia "jikaze, wewe mwanaume". Atafunga mdomo.

Tiba_ya_Viungo: Niongezee hapo. Aliyeumia hupoteza posho, kambi na jina kwa mpigo. Siku ya kuumia ni ngumu, lakini angalieni pia timu inaposafiri yeye akabaki, na siku anaporudi mazoezini akakuta kasi haipo. Hali ikitulia mpeni kazi ya kweli: arekodi mechi, apande basi na wenzake. Muulizeni pia kama aligonga kichwa siku ile. Mtikisiko wa ubongo huleta hasira, huzuni na kukosa usingizi, watu wakasingizia goti.

Kocha_Makorora: Viongozi wajue? Na akipewa dawa?

Nesi_Chumbageni: Viongozi waambiwe ni mgonjwa, basi. Ila usimwahidi kwamba utaficha hatari ya maisha yake. Ndugu lazima wajue. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, na kwa umri wake wiki za mwanzo ndizo za kumwangalia zaidi. Ndugu azishike, ampe dozi ya siku moja moja, na asiziache ghafla akijisikia vizuri. Akichangamka ghafla bila sababu, msilegeze ulinzi, muulizeni upya.

Kocha_Makorora: Nimekupata, dada. Natoka na nahodha sasa hivi. Kaka yake yuko njiani kutoka Muheza, atalala naye.