Naomba ushauri: jiko la makaa ya mawe linazimika usiku

Ndugu zangu, tumehamia Scranton, Pennsylvania, katika nyumba inayopashwa joto kwa jiko la makaa ya mawe aina ya anthrasiti, ambayo, tofauti na mkaa wetu wa miti, hayashiki moto mpaka kuni ziwake vizuri kwanza na hewa ipite kutoka chini ya wavu wa chuma unaobeba makaa. Jioni huwaka vizuri, lakini usiku wa manane hufifia. Je, kabla ya kulala nitikise wavu mpaka makaa mekundu yaanze kudondoka, au niache majivu kidogo? Hewa nayo niipunguze kiasi gani? Kengele ya kutuonya kuhusu kaboni monoksidi tumeiweka, maana gesi hiyo ya sumu haina rangi wala harufu, na nina watoto wadogo.