Hiace inavuma ikiwa nyutro, ukikanyaga klachi inanyamaza: oili au beringi?

Kipanya_Kondoa:
Habari za leo wakuu. Gari ni Hiace ya dizeli, injini aina ya 5L, gia tano za mkono. Kazi yake ni Dodoma–Kondoa, siku nyingine barabara za vumbi huko ndani. Dalili ni mbili. Likiwa limesimama linanguruma, lipo nyutro, kuna mvumo kama mashine ya kusaga inayosikika kwa mbali. Ukikanyaga klachi unakatika, ukiachia unarudi, na gari likipata moto unazidi. Halafu asubuhi, kutoka gia ya pili kwenda ya tatu inakwaruza mpaka uicheleweshe kidogo. Oili ya giaboksi haijulikani ilibadilishwa lini. Fundi mmoja kasema tia oili nzito ya 140 itanyamaza, mwingine kasema shusha giaboksi. Nianzie wapi, na oili ipi, lita ngapi?

Spana24:
Mkuu, usishushe kitu kabla hujasikiliza. Gari likiwa nyutro na mguu haupo kwenye klachi, shafti ya kuingilia inazunguka na kuizungusha shafti ya chini. Ukikanyaga, zote zinasimama. Kwa hiyo mvumo unaokatwa na klachi uko ndani ya giaboksi: beringi ya shafti ya kuingilia au za shafti ya chini. Kama kelele ingekuwa inakuja pale unapokanyaga, ningekwambia ni rilizi (beringi inayosukuma klachi iachie), au ile beringi ndogo ya kwenye flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini.

Ila tofautisha mvumo na kugongagonga. Dizeli ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, meno ya gia yasiyobeba mzigo hugongana. Ukikanyaga mafuta kidogo na kelele ikapotea, hiyo haina shida kubwa. Beringi iliyochoka haipotei, inapandisha sauti kadiri injini inavyopanda.

Jaribu barabarani. Tafuta sehemu tambarare, hata ile ya Singida ukishapita Nala, uvute gia moja moja. Kwenye Hiace gia ya nne ni ya moja kwa moja, nguvu haipiti shafti ya chini. Kelele ikipungua sana kwenye nne na kurudi kwenye tatu na tano, beringi za shafti ya chini ndizo zinazolia. Ikilia gia moja tu, angalia meno ya gia hiyo na rola zake. Ukiweka nyutro gari likiwa bado linatembea na mvumo ukafuata mwendo wa matairi, iache giaboksi, nenda kwenye difu (gia za ekseli ya nyuma), beringi za magurudumu na beringi ya kati ya propela, shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma. Injini usiizime wakati wa jaribio hilo, breki zitakuwa ngumu.

Kuhusu kukwaruza: kanyaga klachi, hesabu mpaka tano, ingiza rivasi. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, klachi haiachii yote. Pampu pedeli mara tatu ujaribu tena. Ikiingia vizuri, kuna hewa au silinda ya klachi imechoka. Rivasi ikiingia kimya na tatu bado inakwaruza, hapo ni ringi ya sinkroniza, inayolinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia, au oili mbovu.

Fundi_Kizota:
Spana24 kamaliza upande wa kusikiliza. Anza na oili, kwa sababu ni rahisi na ile inayotoka itakuambia mengi.

Endesha dakika 15 ili oili ilainike, kisha simamisha gari sehemu tambarare. Ukiinua, inua mbele na nyuma sawa, uweke stendi, usitegemee jeki peke yake. Fungua boliti ya kujazia KWANZA, ile ya ubavuni. Ukimwaga kabla halafu ya juu ikagoma, gari limekwama hapo hapo. Nyingi za Toyota ni spana 24, tumia ya boksi, ya mdomo inakula kona.

Mwaga, acha dakika 20. Angalia sumaku ya boliti: ujiuji wa kijivu laini ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuokota kwa kucha ni meno au beringi. Chembe za rangi ya dhahabu ni ringi za sinkroniza. Oili kama chai ya maziwa ina maji, na kwa magari yanayovuka makorongo wakati wa mvua sio ajabu, maji hupitia kwenye tundu la kupumulia. Lisafishe hilo tundu, vumbi likiliziba presha ya ndani inasukuma oili kwenye sili.

Weka washa (ringi ya kuziba) mpya, kaza boliti ya chini, jaza kwa pampu ya mkono au mpira mpaka oili ianze kumwagika kwenye tundu la ubavuni. Hiyo ndiyo lita yake, inaingia mbili na kitu, nunua tatu. Kukaza ni nyutoni mita 40 hivi. Kasha ni la alumini, ukiongeza bomba kwenye spana utang'oa uzi.

Kipanya_Kondoa:
Nashukuru. Dukani wana 75W-90 GL-5, wanasema ni bora kuliko GL-4 kwa kuwa namba ni kubwa.

Spana24:
Namba ya GL sio daraja la ubora, ni kazi tofauti. GL-5 ina kemikali nyingi zaidi za kulinda meno ya difu yanayoteleza chini ya mzigo mzito. Ringi za sinkroniza ni za shaba na zinahitaji msuguano ili zilinganishe mwendo wa gia. Oili inayoteleza kupita kiasi inafanya zichelewe, na baadhi ya kemikali hizo hula shaba. Kitabu cha gari kikiruhusu zote mbili, sawa. Kisiporuhusu, tafuta GL-4, uzito wa 75W-90 au 80W-90, soma nyuma ya kopo. GL-5 peleka kwenye difu.

Na 140 achana nayo. Asubuhi za Juni na Julai hapa Dodoma itakuwa nzito, hiyo tatu yako itazidi kugoma. Kelele itapungua kweli, ndiyo maana wauza magari wanaipenda, lakini beringi inaendelea kuisha bila wewe kusikia.

Noti_AreaC:
Kwa wenye Corolla 110 ya mkono: giaboksi na difu ziko pamoja, oili ni moja, lita 1.9. Wapo wanaotafuta difu nyuma waimwagie oili.

Fundi_Kizota:
Mkuu wa Hiace, ukimaliza tembea kilomita 500 halafu fungua tena boliti ya chini utazame sumaku, oili ukiikinga kwenye chombo kisafi uirudishe. Ikiwa safi na kukwaruza kumepungua, endelea, badilisha kila 40,000. Ikiwa na vipande tena, shusha wiki hiyo hiyo. Beringi ya kuingilia ikilegea, shafti inayumba, meno yanagusana pembeni, na badala ya kununua beringi na sili utanunua giaboksi nzima. Ukiishusha, badilisha na rilizi hapo hapo na ukague sili ya mbele, maana oili yake ikivuja inaangukia klachi pleti.