Mrejesho: Kwa nini siandiki kama zamani

Wapendwa, niliuliza hapa kwa nini makala zangu za maisha ya Bagamoyo zimepungua. Wengi mlisema ni uchovu, mkanishauri nijipangie siku maalumu ya kuandika. Asanteni sana, lakini nimeona kiini ni kingine.

Zamani nikipita soko la samaki, niliyoyaona na kuyasikia yalikaa moyoni mpaka usiku, nikayaandika. Siku hizi nayasimulia papo hapo kwa sauti kwenye kundi la WhatsApp la familia. Wanacheka, wanajibu, hamu inaisha. Jioni sina la kuandika.

Pia mada zenyewe zimekuwa nzito. Habari za mnadani huandikwa kwa saa moja. Lakini magofu ya mji wa kale wa Kaole, au mwili wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone uliopitishwa misheni ya hapa Bagamoyo mwaka 1874, vinadai kusoma na kuuliza wazee. Ukawiaji huo siuiti uvivu, na sitaki uishe.

Kwa hiyo sauti za kundini nimezipunguza. Dada yangu analalamika! Ya sokoni nimeshaanza kuyaandika tena. Ya Kaole yatachukua muda wake.